Wawili Wasiolingana Majini

Kitu cha kwanza ninachotaka mkijue, nyinyi mnaoshika kazi hii sasa, ni kwamba mgeni hadanganyi kwa kukusudia. Ukimuuliza kwenye simu, "Unajua kiasi gani kupanda ubao wa tanga?" atakujibu, "Kiasi tu." Mkewe aliye kando yake naye atasema, "Kiasi tu." Kiasi cha mmoja ni kwamba amewahi kuvuka mkondo kwa upepo mkali, akarudi anacheka. Kiasi cha mwingine ni kwamba aliwahi kuushika ubao ufukweni, akapigwa picha. Ukiwaweka pamoja kwa sababu wote wamesema kiasi, umewaharibia likizo kabla hawajafunga masanduku.

Swali hilo niliacha kuliuliza. Nilikuwa nauliza, "Ukiondoka ufukweni, huwa unarudi vipi?" Anayejua hujibu kwa maneno machache: nageuza tanga, ubao unafuata, narudi. Anayejua kidogo hueleza sana. Asiyejua hucheka, akasema, "Kwa miguu." Huyo wa mwisho ndiye aliyenirahisishia kazi. Mtu anayerudi kwa miguu mtafutie mahali ambapo upepo utamsukuma kwenye mchanga, si kwenye bahari kuu. Atakuwa akitembea na ubao wake kutwa nzima, basi na atembee pazuri.

Na mzungumze na kila mmoja peke yake. Nakumbuka bwana mmoja aliyejibu kwa niaba ya wote wawili: yeye apewe maji yenye upepo, mkewe apewe maji matulivu. Tukapanga hivyo. Walipofika ufukweni, mke aliutazama ule ubao mpana aliowekewa, akautazama ule mwembamba wa mumewe, akauchukua mwembamba, akaenda. Mume akabaki na ule mpana. Nao wakakaa juma zima hivyo, wakila pamoja na kucheka pamoja, na jambo hilo halikutajwa hata siku moja. Mimi pia sikulitaja.

Kwa asiyekijua chombo chenyewe, ni ubao kama mlango uliochongwa ncha. Juu yake pana mlingoti mmoja wenye tanga, nawe unasimama umelishika tanga hilo kwa mikono miwili. Usukani hakuna. Usukani ni mwili wako: ukiegemea huku kinakwenda huku, ukisita kinakuangusha. Nilisimama juu yake mara chache maishani, nimevaa nguo zangu zilizonifunika hadi vifundoni, na nilitosheka. Kazi yangu haikuwa kufundisha. Nilikuwa katika nyumba ndogo ya wageni pale Shela, kijiji cha ufukweni, na kazi yangu ilikuwa kukutanisha: mtu, saa, upepo, maji na mwalimu. Sasa niko nyumbani Langoni, mjini, magoti yamezikataa ngazi, na vijana huja kuniuliza. Ndiyo sababu nayaandika haya.

Simu zenu siku hizi zinaonyesha upepo kwa rangi. Ni msaada mkubwa na sina neno nao. Lakini simu haikwambii kwamba upepo huo ukifika kati ya Shela na kisiwa cha Manda hubanwa, ukatoka na nguvu nyingine, wala haikwambii maji yanaelekea wapi. Upepo na maji yakienda pamoja, bahari hulala. Yakipingana, husimama kwa mawimbi. Anayejua hufurahia maji yakisimama. Anayejifunza humeza chumvi. Na maji yakipwa pale mkondoni huvuta kwenda nje, kwa hiyo asiyejua asitiwe hapo isipokuwa maji yanapojaa, ili akishindwa apelekwe mjini na si baharini. Ni jambo jepesi, ila husahauliwa sana siku ambayo upepo ni mzuri na kila mtu ana haraka.

Sisi hapa maji tunayahesabu kwa mwezi mwandamo. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana, kisha hupwa mpaka usiyaone. Katikati yake huwa maji mafu, hayajai sana wala hayaendi mbali. Ukiweza, mlete mwanafunzi wakati wa maji mafu. Yule anayejua hatajali, mradi apate upepo wake wa alasiri. Usiiache kanuni hii kwa sababu tu mgeni amepata nafasi ya ndege siku nyingine. Mwambie, mweleze. Wengi husikia.

Kanuni nyingine sikufundishwa ufukweni. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa somo hapa Langoni. Msichana akikaribia kuolewa, aliitwa yeye kumfunda. Kuna mambo ya nyumba na ya mwili ambayo bibi harusi lazima aambiwe, na hapa kwetu hayasemwi na mama mzazi. Nilipokuwa msichana nilimuuliza kwa nini, ilhali mama mzazi ndiye anayempenda zaidi. Akanijibu, "Mama akifundisha, mtoto husikia lawama. Mimi nikifundisha, husikia maneno."

Kanuni hiyo niliipeleka Shela kama ilivyo. Mume hamfundishi mkewe kupanda ubao, wala mke hamfundishi mumewe. Mlete somo. Wenzangu walicheka sana. Mwalimu wetu Lali, mtu wa Wiyoni mwenye subira, alikuwa akiniamkia asubuhi, "Bi Rukia, leo harusi ya nani?" Mwenye nyumba naye alidhani nawapotezea wageni raha yao, mpaka siku moja alipokuja mume aliyeshikilia kumfundisha mkewe mwenyewe, nasi tukamwachia. Mchana mwenye nyumba alipita jikoni, akakuta chakula kinapakuliwa kwenye trei mbali mbali.

"Mbona trei mbili?" akauliza. "Si wa chumba kimoja hao?"

"Moja ya chumbani, moja ya darini," mpishi akamjibu. "Darini ndiko aliko mwalimu."

Tangu hapo hakunipinga tena.

Sasa niwaeleze likizo moja iliyonifunza kwamba hata kanuni hiyo ina pengo. Alinipigia mwanamke aitwaye Saumu. Alizaliwa Kilifi, akakulia majini, na ubao wa tanga aliujua kama mnavyozijua simu zenu. Lakini kwa miaka alikuwa akiishi Nakuru, alikoolewa na Mwangi, mwenye duka la mikate.

"Bi Rukia, hii naomba uipange vizuri kuliko zote."

"Zote huzipanga vizuri, mwanangu. Hii ina nini?"

"Hii ndiyo tutakayoamulia."

Akaniambia. Amechoka kuishi bara. Anataka wahamie Kilifi, wafungue duka la mikate huko, naye arudi majini. Mwangi hakukataa wala hakukubali. Alisema waende kwanza wakae pwani siku kadhaa, aone kama yeye na bahari wanaweza kuishi nyumba moja, kisha atampa jibu. Jibu hilo litatoka Shela.

"Nani aliyesema bahari ni ubao?" nikamuuliza.

"Mimi. Maisha yangu yote yako pale juu. Akiweza kusimama, ataelewa."

Sikubishana naye. Mgeni huleta shabaha yake, wewe unapanga. Nilimpangia Mwangi asubuhi, wakati kaskazi ingali laini, akae na Lali kwenye maji ya kiunoni, ubao mpana, tanga dogo. Nilimpangia Saumu alasiri, upepo ukishakaza, mbali, upande ambao mumewe hawezi kumwona wala yeye hawezi kumwona mumewe. Chakula cha mchana wale pamoja, mmoja amechoka na mwingine hajaanza. Hiyo ni saa nzuri. Aliyechoka ana cha kusimulia, na ambaye hajaanza bado hana cha kujivunia. Nao hawakuja kwenye maji mafu, kwa sababu Saumu alikuwa na siku zake za ruhusa kazini, na siku hizo ziliangukia bamvua. Nilimweleza, akasema atavumilia. Aliyevumilia ni mumewe.

Siku ya pili asubuhi Saumu akashuka ufukweni wakati si wake. Lali alikuwa ndani ya maji ameushika ubao kwa nyuma, na Mwangi yuko juu, magoti yamekunjwa, anaivuta ile kamba ya kuinulia tanga.

"Simama, Mwangi! Nyoosha mgongo! Si hivyo!"

Mwangi akanyoosha mgongo, akaanguka.

"Nimekwambia unyooshe, si uruke."

Lali akamgeukia polepole. "Dada, upepo wako uko wapi?"

"Wangu ni wa alasiri."

"Basi nenda ukauamshe."

Saumu akacheka, akarudi nyuma hatua chache, akakaa mchangani. Lakini hakuondoka. Kila Mwangi alipoinuka alitazama kwanza ufukweni, na ubao haupandwi hivyo. Ukitazama ufukweni utaanguka kuelekea ufukweni. Macho lazima yawe kule unakokwenda.

Mchana huo nilimkuta Mwangi amekaa peke yake kwenye baraza, taulo begani. Alikuwa mtu mnene kidogo, mpole, mwenye mikono mikubwa. Akaniamkia, nikamuuliza hali.

"Nimeanguka vizuri leo, Bi Rukia. Lali anasema nimeacha kuanguka kama gunia, sasa naanguka kama mtu."

"Hiyo ni hatua. Maji yanakuchosha?"

"Si maji." Akafikiri. "Kinachonichosha ni kuelezwa. Tangu tushuke kwenye ndege, kila mtu ananieleza kitu. Samaki huyu analiwa hivi. Viatu vinavuliwa hapa. Maji yanakuja, maji yanakwenda. Mke wangu ananieleza hata kivuli."

"Na mimi?"

"Wewe unaeleza polepole, angalau."

Nilicheka, nikaenda zangu. Sikuwa nimeelewa kwamba alikuwa ameniambia jambo zima.

Siku iliyofuata ilikuwa ya Kipungani, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa. Upande ule pana maji mapana, ya kina kifupi, ambapo mwanafunzi anaweza kuanguka kutwa nzima akasimama kwa miguu yake, na ukitoka nje kidogo pana upepo wa kumtosha mwenye kuujua. Kwa wawili wasiolingana ni mahali pazuri, kwa sababu wanakwenda na boti moja na kurudi na boti moja. Nami nilikuwa na haja yangu huko: wanawake wa Kipungani walikuwa wamenimalizia mikeka ya vyumbani. Tukakubaliana kuondoka asubuhi na mapema. Ndia ya nyuma ya kisiwa, yaani njia ya boti, inapita kati ya mikoko, na siku za bamvua ukichelewa maji hukukimbia.

Gatini alikuwepo Bwana Famau, mwenye boti, na Lali, na mbao zimekwisha fungwa. Kilichobaki ni kupanda tu. Hapo Famau akaitaja tarehe ya siku hiyo, "Yeo mwezi kumi na tano, tuna nafasi."

"Kumi na sita," Lali akasema.

"Kumi na tano, bwana."

"Mwezi ulionekana, Bwana Famau. Watu walifunga hesabu ya mwezi uliopita."

"Uliuona wewe?"

"Ulionekana."

"Nimekuuliza wewe, na mato yako."

Kama hamkulelewa hapa, jueni kwamba mabishano haya ni ya zamani kuliko watu hao wawili. Wako wanaoanza mwezi kwa habari ya mwezi kuonekana nchi nyingine, na wako wanaongoja mpaka uonekane hapa hapa. Kila upande una hoja zake na wanavyuoni wake, na watu huishi pamoja vizuri, isipokuwa mnaweza kuwa na tarehe mbili katika nyumba moja, na kila tarehe na saa yake ya maji. Famau alimtaja shehe wake. Lali akamtaja wake. Walizungumza kwa heshima, hakuna aliyepandisha sauti, na kwa sababu walikuwa na heshima, hakuna aliyemkata mwenzake kauli. Chai ikaletwa. Famau akaanza kueleza jinsi mwezi unavyojificha nyuma ya wingu la kaskazi.

Saumu alikuwa ameketi botini tayari. Akanyoosha kidole chini. "Wazee, maji yenyewe si hayo hapo? Kwa nini msiyatazame?"

Hawakumsikia. Nami nilikuwa na lile bishano moyoni, nikiwa upande wa Famau, kwa hiyo niliwaacha waendelee.

Tulipoondoka ngazi za gati zilikuwa zimeonyesha kijani chote cha mwani, kwa jinsi maji yalivyoshuka. Famau alikaza mashine. Tukaingia ndia ya mikoko, maji yakawa yanapungua rangi, na mwisho boti ikakwaruza, ikasogea kidogo, ikatulia. Famau akazima mashine. Hapakuwa na aliyetaja tarehe tena.

"Tutangoja," Lali akasema.

"Mai yatarudi," Famau akasema.

"Yatarudi saa ngapi?" Saumu akauliza.

Famau akaanza kukunja kamba, Lali akakagua mbao.

Maji yaliendelea kutoka chini yetu mpaka boti ikalala ubavu. Kulikuwa na tope pande zote, jeusi na laini. Mbele, karibu tu, nchi kavu ya kisiwa ilionekana, na njia ya kwenda kijijini. Saumu hakuwa mtu wa kungoja. Akatazama ile nchi kavu, akasema, "Huko ni hapa tu," akashuka. Alishuka kama anavyoshuka kwenye ubao, kwa miguu miwili pamoja, imara. Tope likamchukua mpaka magotini. Akajaribu kuvuta mguu mmoja, wa pili ukazama zaidi. Kiatu kikabaki chini. Akasimama kabisa, akatafuta mizani yake, kama tanga linapotikisika, na kila alivyosimama ndivyo alivyoshuka.

Lali akainuka ashuke. Nikamwashiria angoje, kwa sababu nilikuwa nimemwona Mwangi akivua viatu.

Alivivua taratibu, akaviweka juu ya kiti, akakunja suruali, akashuka kwa ubavu, mguu mmoja kwanza, akiutelezesha. Hakuzama zaidi ya vifundo. Akamfikia mkewe bila kusimama popote, na hata alipomfikia aliendelea kubadilisha miguu, kama mtu anayekanyaga unga.

"Usisimame," akamwambia.

"Sijasimama, nimenasa."

"Umenasa kwa sababu umesimama. Ukisimama linakushika. Inua kisigino kwanza, vidole viwe chini, kama unavua kiatu kilichobana. Hapana, usivute kwa nguvu. Kisigino."

"Sioni kisigino changu, Mwangi."

"Huhitaji kukiona."

Mimi sikuwa mbali nao, ni kama nilivyo na ukuta huu wa nyumba yangu, na nilisikia kila neno. Saumu akainua kisigino. Mguu ukatoka kwa sauti. Akauweka pale pale.

"Si hapo. Hapo ulipotoka pameshalainika."

"Basi niweke wapi?" Alikuwa amekasirika, na karibu kulia. Kisha akauliza tena, kwa sauti nyingine. "Niweke mguu wapi?"

"Hapa. Karibu na mguu wangu. Kisha utoe upesi."

"Mjihadhari na mizizi!" Lali akawaita. "Ina chaza, watawakata!"

Wakaenda hivyo, amemshika mkono, yeye mbele na mke nyuma, mpaka nchi kavu. Huko Saumu alikaa chini akacheka mpaka akalala chali. Mwangi alisimama akifuta miguu yake kwa majani.

Famau akavuta pumzi. "Mtu wa bara huyo kayapata wapi haya?"

Kumbe Mwangi hakuzaliwa Nakuru. Alizaliwa Mwea, kwenye mashamba ya mpunga, na tangu akiwa mtoto alikuwa akishinda ndani ya tope akimsaidia mama yake kupandikiza miche. Mkewe alijua alikotoka. Hakuwahi kumwona akitembea huko, maana mashamba ya mama yake yalikuwa yameshauzwa kabla hawajaoana.

Maji yalirudi kwa wakati wake, ambao haukuwa wa Famau wala wa Lali kamili, na sisi tuliobaki tukafika Kipungani kwa boti. Tuliwakuta wamekaa kwenye baraza la wasukaji, miguu imekauka kijivu, na wanawake wakiwapa maji ya kunawa na maswali. Mwangi alikuwa akielezwa jinsi ya kusuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, na safari hii hakuonekana kuchoka.

Alasiri hiyo alifanya somo lake na Lali. Nisingependa mdhani kwamba alipanda ubao ghafla kama samaki. Aliinua tanga, akasimama, akaenda umbali wa ua wa nyumba, akaanguka. Akafanya hivyo mara nyingi. Kilichobadilika ni kwamba hakutazama ufukweni. Na Saumu, aliyekuwa na upepo mzuri kabisa wa kwake nje pale, hakutoka. Alikaa nami juu ya mikeka yangu mipya, akamtazama mumewe, na mdomo aliufunga.

"Humwambii anyooshe mgongo?" nikamtania.

"Ana mgongo wake," akasema.

Tangu likizo ile niliongeza swali moja. Nilipokuwa nikizungumza na yule anayejua, baada ya kumuuliza anavyorudi ufukweni, nilimuuliza, "Na mwenzako anajua nini ambacho wewe hukijui?" Wengi hunyamaza. Wengine husema, "Kupika," kwa haraka tu, ili tuendelee na habari ya upepo. Msiwaache wapite. Ngojeni. Bwana mmoja alifikiri muda mrefu, akasema mkewe anajua nyota, basi nikawapangia safari ya kurudi baada ya isha, mke akae mbele aelekeze. Mwanamke mmoja alisema mumewe hajui chochote, tena akasema mbele yake, na hao niliwapangia tu kama kawaida na kuwaombea heri. Siku moja kati ya siku za likizo muwe mnampa asiyejua nafasi ya kutangulia katika jambo lolote, hata liwe dogo. Msitangaze. Lipangeni kama mnavyopanga chakula, liwepo tu. Mkililazimisha, litakuwa somo jingine, na hilo ndilo lililomchosha Mwangi.

Kuhusu tarehe ya mwezi, ushauri wangu ni mfupi: aminini mnaloliamini, na maji myatazame kwa macho.

Saumu na Mwangi waliondoka asubuhi. Walikunywa chai barazani, mizigo ikiwa imeshapelekwa gatini, nami nilikuwa nawamiminia. Saumu alikuwa hajauliza. Alikuwa akivunja mahamri vipande vidogo bila kuvila.

"Nitahamia," Mwangi akasema.

Saumu akaacha mahamri. "Lakini hujasimama hata mara moja ukafika upande wa pili."

"Sijafika."

"Basi kwa nini?"

Mwangi akalizungusha bilauri lake. "Maji siyaogopi, Saumu. Yataniangusha, nitainuka. Niliogopa kuzeeka mahali ambapo kila siku, asubuhi hadi jioni, mimi ndiye ninayeelezwa. Kule kwenye tope uliniuliza uweke mguu wapi. Ukiweza kuniuliza hivyo mara moja moja, nitaishi Kilifi."

Mimi nilijitia kushughulika na birika.

"Tope la Kilifi ni baya kuliko hili," Saumu akasema.

"Vizuri," Mwangi akasema, akanisogezea bilauri nimwongezee chai.